AKIFIA SELO, MWENYE UFUNGUO AJIBU

Kijana wa Kibaigwa anajua ilivyo rahisi kulala ndani. Umeshusha magunia ya mahindi sokoni mpaka usiku, unavuka barabara kuu ya Dodoma na Morogoro kutafuta chai, difenda inasimama. Jina la kosa utaambiwa baadaye. Kwa miaka mingi jina hilo limekuwa uzururaji, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilitamka Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika.

Leo hatubishani kama ulikamatwa kwa haki au kwa kuonewa. Tunauliza swali moja tu: ukishafungiwa, na asubuhi usitoke hai, nani anajibu?

Wakubwa wana majibu yao ya siku zote. Msongamano. Bajeti ndogo. Majengo ya mkoloni. Kazi ya Mungu haina makosa. Ndugu msomaji, majibu hayo yote hayamo katika sheria.

Sheria ya nchi hii inasema hivi. Katiba, Ibara ya 13(6), inataka heshima ya mtu itunzwe anapokuwa chini ya ulinzi, na inakataza kumtendea kama mkosaji kabla mahakama haijamtia hatiani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 195, inasema kuua bila kukusudia si lazima upige mtu rungu. Ukizembea kutimiza wajibu wako wa kulinda uhai, na mtu akafa kwa uzembe huo, umeua. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na wajibu huo humwangukia aliyemshikilia mtu asiyeweza kujiondoa mwenyewe. Nani asiyeweza kujiondoa kuliko aliyefungiwa komeo kwa nje?

Tukumbuke Mbarali. Novemba 2002, watu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika mahabusu ya Rujewa, mkoani Mbeya. Chumba cha watu 30 hivi kilisheheni watu zaidi ya 100. Wengine wataita ajali. Ajali gani hiyo? Mtu hajiingizi selo mwenyewe. Anaandikwa daftarini, anahesabiwa, anasukumwa ndani, mlango unafungwa. Anayejaza chumba hicho anafanya hesabu kila anapofungua mlango kuongeza mwingine. Anajua.

Miaka miwili kabla ya hapo, Novemba 2000, ng'ambo ya Ruvuma katika mji wa Montepuez, Msumbiji, zaidi ya watu 70 walikufa kwa namna hiyo hiyo ndani ya selo ya polisi. Wenzetu hawakuishia kwenye rambirambi. Maofisa wa polisi walipandishwa kizimbani na kufungwa miaka mingi. Kenya nako, wafungwa sita wa gereza la King'ong'o, Nyeri, walikufa Septemba 2000. Wakubwa wakasema walikuwa wanatoroka wakaanguka. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kipigo, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikawatia hatiani askari magereza. Ilichukua miaka minane, lakini ilifika.

Asitokee mtu wa kusema huo ni utamaduni wa kigeni. Mwaka 1976 watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga wakihojiwa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Baadhi ya maofisa wakashtakiwa na kufungwa. Hiyo ilikuwa enzi ya chama kimoja! Leo tuna vyama vingi, na kiongozi akiguswa anahamishiwa wizara nyingine, mkuu wa kituo anapewa uhamisho. Uhamisho si adhabu. Ni kumpelekea mzembe watu wengine.

Hapa tuseme kweli. Hatutaki kumtoa kafara askari jela wa zamu ya usiku, mlalahoi mwenzetu anayelala kwenye kota inayovuja. Huyo naye ana haki yake. Lakini akisikia watu wanagonga mlango wakilia hewa, kazi yake ni kufungua, kuita msaada na kuandika daftarini kwamba amemwarifu mkubwa wake. Akikaa kimya, ajibu. Akiarifu na mkubwa akapuuza, ajibu mkubwa. Mkuu wa gereza aliyeandika barua mara tatu kwamba amezidiwa, naye ajitetee kwa barua zake, na barua hizo ziende kumuuliza aliyezipokea. Hivyo ndivyo uwajibikaji unavyopanda ngazi badala ya kuishia chini.

Nanyi vijana, msisubiri msamaha wa Rais wa kila sikukuu upunguze watu. Ndugu yenu akifia mahabusu au gerezani, msikubali kuchukua maiti na kwenda kuzika kimya kimya. Daini uchunguzi wa kifo mbele ya korona. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 iliwekwa kwa ajili hiyo. Daini ripoti ya daktari. Andikeni kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mkitaka fidia, kumbukeni serikali haishtakiwi mpaka ipewe notisi ya siku 90, basi msichelewe.

Sisi tunasema: kila kifo cha selo kifunguliwe jalada, na kila jalada liwe na jina la mwenye ufunguo. Mahakama ikimkuta hana hatia, aende nyumbani kwa amani. Hiyo ndiyo haki ambayo marehemu hakuipata.