Wahafidhina wa Marekani tuwapime kwa ujasiri wa kukosoana

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii humlenga kila mtu aandikaye safu ya maoni, nami sijitoi. Hata hivyo, ipo tofauti kubwa baina ya mwamba ngoma anayejua kuwa akivuta kupita kiasi ngozi itapasuka, na yule avutaye tu maadamu watu wanamshangilia. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuitafute leo katika kazi za wachambuzi wa kihafidhina wa Marekani, watu ambao maneno yao yamebadilisha siasa, uchumi na vyombo vya habari vya taifa lile kwa muda wa miaka 70.

Mada hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Mwalimu wa historia hulazimika kueleza kwa nini sera za Marekani hubadilika ghafla chama kimoja kinapokipokea kingine madaraka. Mwanafunzi wa uchumi husoma nadharia za soko huria zilizopikwa huko. Lakini tunapowazungumzia wachambuzi hawa, aghalabu tunatumbukia katika mojawapo ya mashimo mawili. Kuna wanaowapuuza wote, wakidai kwamba ni mawakala wa matajiri. Kuna na wanaowameza wazima wazima kwa kuwa tu wanataja dini na familia. Nionavyo, makundi yote mawili yamekwepa kazi ya kufikiri.

Mhafidhina, kwa ufupi, ni mtu anayeshikilia kwamba desturi, dini, familia na katiba alizorithi zina hekima isiyofaa kutupwa kwa pupa. Nchini Marekani, tangu katikati ya karne ya 20, neno hili limebeba pia imani ya kiuchumi: serikali iwe ndogo, kodi iwe nyepesi, soko liachwe huru na mali ya mtu iheshimiwe. Hizo ni hoja nzito. Wanazo wafuasi wenye akili timamu, na hazijibiwi kwa matusi.

Mwaka wa 1955, kijana asiyetimiza miaka 30, William F. Buckley, alianzisha jarida la National Review. Wakati huo wahafidhina walikuwa wachache na wanyonge. Sera za Rais Franklin Roosevelt, zilizoipa serikali jukumu kubwa la kusimamia uchumi na kuwatunza wazee, zilikuwa zimekubalika hata na viongozi wengi wa chama cha Republican. Jarida hilo halikusita kumkosoa Rais Dwight Eisenhower, ambaye alikuwa wa chama hicho hicho. Mnamo 1962 lilimgeukia Robert Welch, kiongozi wa chama cha John Birch, aliyekuwa amedai kwamba Eisenhower alitumikia Ukomunisti. Wafuasi wa Welch walikuwa miongoni mwa wasomaji wa jarida lenyewe, na baadhi yao waliacha kulinunua. Buckley alijua kwamba ukweli ungemgharimu fedha, akausema.

Haki inatudai tutaje na aibu yao. Mwaka wa 1957 jarida hilo hilo liliwatetea Wazungu wa majimbo ya kusini waliowanyima raia weusi haki ya kupiga kura, na Seneta Barry Goldwater, kipenzi cha wahafidhina, aliipinga Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Miaka mingi baadaye, mnamo 2004, Buckley alikiri kuwa alikosea. Mwanafunzi Mwafrika asomapo historia hii asiombwe kuisahau.

Katika uchaguzi wa 1964 Goldwater alishindwa vibaya, akapata majimbo 6 pekee. Wengi walidhani kwamba wahafidhina wamezikwa. Badala ya kulia, walijenga. Mwanauchumi Milton Friedman aliandika makala katika jarida la Newsweek kwa miaka mingi, akaeleza mambo ya fedha kwa lugha ambayo mtu wa kawaida aliielewa. Taasisi ya Heritage ilianzishwa mwaka wa 1973 ili kuwapa wanasiasa sera zilizokwisha kuandikwa. Buckley naye aliendesha kipindi cha runinga, Firing Line, kuanzia 1966 hadi 1999, akiwakaribisha wapinzani wake na kuwaachia nafasi ya kujieleza.

Januari 1978, katika kipindi hicho, Buckley alijadiliana na Ronald Reagan kuhusu mkataba wa kuurejesha Mfereji wa Panama kwa wenyewe. Reagan alipinga, Buckley akaunga mkono. Walikuwa marafiki, na Reagan alikuwa akijiandaa kuwania urais. Hawakunyamaziana kwa ajili ya urafiki, wala urafiki wao haukufa kwa ajili ya mjadala. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nao walilijua hilo.

Tuje katika uchumi. Reagan aliapishwa Januari 1981. Katika mwaka uliotangulia mfumko wa bei ulikuwa umefika asilimia 13.5, na kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilikuwa asilimia 70. Kwa sheria za 1981 na 1986 kiwango hicho kilishushwa hadi 50, kisha 28. Hoja ya wahafidhina ilikuwa hii: mtu akinyang'anywa sehemu kubwa ya jasho lake, hatatia bidii wala hatawekeza; akiachiwa, ataajiri wenzake na pato la taifa litakua. Wengine walithubutu kudai kwamba kodi ikipunguzwa, hazina ya serikali itajaa zaidi.

Je, yalitimia? Mfumko ulishuka hadi asilimia 3.2 mwaka wa 1983 na uchumi ukafufuka. Lakini sifa kubwa ya kushusha bei ni ya Paul Volcker, mkuu wa benki kuu aliyeteuliwa na Rais Jimmy Carter mwaka wa 1979, ambaye alipandisha riba hadi ukosefu wa kazi ukapita asilimia 10 mnamo 1982. Ama hazina haikujaa. Deni la taifa, lililokuwa chini ya dola trilioni 1, lilipita trilioni 2.5 Reagan alipoondoka. David Stockman, aliyekuwa mkurugenzi wa bajeti wa Reagan mwenyewe, alichapisha kitabu mwaka wa 1986 akilalamika kwamba wanasiasa walipenda kupunguza kodi lakini hawakupenda kupunguza matumizi.

Mfano wa karibu zaidi ni jimbo la Kansas. Gavana Sam Brownback wa Republican alipunguza kodi kwa kiwango kikubwa mwaka wa 2012 akitarajia neema. Ikaja nakisi, shule na barabara zikakosa fedha. Juni 2017 bunge la jimbo, lililokuwa mikononi mwa Republican, liliipindua kura yake ya turufu na kurudisha kodi. Hao ni wahafidhina waliotazama hesabu, wakaona haijibu, wakabadili mwendo.

Sasa tujiulize: ikiwa jadi ya kukosoana ilikuwepo, kwa nini leo huonekana kwa nadra? Jibu langu ni kwamba biashara ya habari ilibadilika.

Walimu wanajua mjadala wa shule unavyoendeshwa. Pana watetezi wa hoja na wapinzani, pana mtunza saa, na pana mwenyekiti ahakikishaye kwamba kila upande unasikika. Tangu 1949 serikali ya Marekani ilijitwika uenyekiti huo. Vituo vya redio na runinga vilitakiwa, kwa kanuni ya usawa wa utangazaji, kuzungumzia masuala yenye utata na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Wahafidhina waliichukia kanuni hii, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema kwamba runinga tatu kubwa na magazeti makuu yalielemea upande wa kiliberali, na kwamba serikali ikishapewa madaraka ya kupima usawa itayatumia kuwabana wakosoaji wake. Sisi tulioonja enzi ya redio moja ya taifa hatuna budi kuiheshimu hofu hiyo.

Mnamo 1987 Bunge la Congress lilipitisha mswada wa kuifanya kanuni hiyo kuwa sheria, Reagan akaukataa, na Agosti mwaka huo ikafutwa. Mwaka mmoja baadaye Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima. Alikuwa na kipaji adimu: mzaha, kebehi, na sauti iliyomfanya dereva wa lori ahisi kwamba hatimaye amepata wa kumsemea. Uchaguzi wa 1994 ulipowapa Republican wingi katika Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya mwanachama wa heshima. Oktoba 1996 Rupert Murdoch alizindua runinga ya Fox News.

Hapo ndipo mwenyekiti alipoondoka ukumbini. Lakini hasara kubwa, nionavyo, haikuwa kwamba wahafidhina walipata sauti. Hiyo ilikuwa haki yao. Hasara ni kwamba msikilizaji aligeuka kuwa bwana na mchambuzi akawa mtumwa wake. Jarida la Buckley lilitegemea wafadhili na wasomaji wachache waliovumilia kukasirishwa. Redio na runinga hutegemea matangazo ya biashara, na matangazo hufuata wingi wa watazamaji. Anayemkasirisha mtazamaji wake humpoteza usiku huo huo.

Kesi ya kampuni ya Dominion, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupigia kura, ililithibitisha hili. Baada ya uchaguzi wa 2020 Fox News ilitangaza madai kwamba mashine hizo zilimwibia Donald Trump kura. Kesi ilipofika mahakamani, jumbe za faragha za watangazaji maarufu zilionyesha kwamba wao wenyewe hawakuyaamini madai hayo, ila waliogopa kuwapoteza watazamaji. Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 787. Welch alipozua uongo wake, Buckley alihatarisha mapato na kusema ukweli. Hawa waliulinda uongo ili kuyahifadhi mapato.

Katika uchumi mambo ni yayo hayo. Mwaka wa 2009, Barack Obama alipokuwa rais, wahafidhina walijaa barabarani wakilalamikia deni la taifa. Chini ya Trump nakisi ya bajeti ilikaribia dola trilioni 1 mwaka wa 2019, kabla ya janga la korona, na makelele yale hayakusikika. Mwaka huo huo Limbaugh alimwambia msikilizaji hewani kwamba hakuna tena aliye mhafidhina wa fedha za umma, na kwamba hofu yote iliyotangazwa kuhusu nakisi ilikuwa ya bandia tangu zamani. Nimewasoma wakosoaji wengi wa wahafidhina, lakini sijaona aliyewashtaki kwa ukali kuliko huyu aliyekuwa wao.

Hata hivyo jadi ya zamani haijafa. Trump alipotangaza ushuru wa forodha kwa takriban dunia nzima Aprili 2025, Kenya ikiwemo kwa asilimia 10, safu ya wahariri ya Wall Street Journal na jarida la National Review zilimpinga kwa hoja zile zile za soko huria. Kinaya ni kwamba Wall Street Journal na Fox News zina chimbuko moja la umiliki, familia ya Murdoch. Gazeti lilimkosoa rais, ilhali watangazaji mashuhuri wa jioni walimtetea. Nyumba moja, ngoma mbili.

Kwetu sisi hili si jambo la kutazamwa kwa mbali. Mwaka wa 2003 Rais George W. Bush, mhafidhina na mcha Mungu, aliliomba Bunge dola bilioni 15 za kupambana na Ukimwi kwa miaka 5, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika. Mwaka wa 2025 serikali nyingine ya Republican ilisimamisha misaada na kulivunja shirika la USAID, na wapo wachambuzi wa kihafidhina walioshangilia. Nani basi ndiye mhafidhina halisi, aliyetoa au aliyenyima? Kila mmoja alikuwa na hoja yake, mmoja ya wajibu wa kidini, mwingine ya kodi ya raia wake. Tukisema tu kwamba "wahafidhina wanataka hivi", hatutaelewa kwa nini dawa zilikuja wala kwa nini zinaweza kukatizwa.

Atakayesema kwamba waliberali nao wana vituo vyao vya kuwapendeza mashabiki hatakosea, na kipimo nikipendekezacho kinawahusu vile vile. Mwalimu anapoleta darasani makala ya mchambuzi yeyote, awaulize wanafunzi maswali matatu: Ni lini mara ya mwisho mtu huyu aliukosoa upande wake? Je, kanuni aliyoitumia dhidi ya mpinzani aliitumia pia rafiki yake alipotawala? Na je, hoja ya mpinzani ameieleza kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali?

Anayefaulu maswali hayo tumsome kwa makini, hata kama hatukubaliani naye. Anayeshindwa, awe na elimu au sauti ya namna gani, ni mshangiliaji tu. Na taifa linalowasikiliza washangiliaji peke yao hujua limekosea pale gharama inapofika mlangoni, wakati mwingine katika mlango wa zahanati iliyo mbali kabisa na Washington.