Jina la Kwanza la Nodens

Nimechoka na hii hadithi ya eti Warumi walikuwa waungwana kwenye mambo ya dini. Kila video ya historia ninayotazama, lazima mtu aseme: Roma haikuwalazimisha watu waache miungu yao, iliwaongezea majina tu. Mungu huyu wa Waselti akaitwa Mars, yule akaitwa Mercury, kila mtu akafurahi, maisha yakasonga. Hizo ni stori za jaba.

Tuanze na Julius Caesar. Alipigana Gaul miaka mingi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, halafu akaandika kuhusu dini ya watu aliokuwa akiwaua. Anasema wanamwabudu zaidi Mercury, kisha Apollo, Mars, Jupiter na Minerva. Jina lao wenyewe, hata moja, hakuna. Mateka wote wale aliokuwa nao, na hakuuliza?

Halafu kuna hili suala la makuhani, ambalo mashabiki wa Roma hulipita mbio. Madruidi ndio waliobeba elimu ya dini, na waliibeba kichwani. Kaisari Claudius alipiga dini yao marufuku huko Gaul. Mwaka wa 60 au 61, jeshi la gavana Suetonius Paulinus lilivuka maji hadi kisiwa cha Mona, kule Wales, likawaua waliosimama ufuoni, kisha likafyeka vichaka vyao vitakatifu. Ndio, Warumi wanasema madruidi walikuwa wakitoa kafara za binadamu. Huenda ni kweli. Lakini watu waliolipia tamasha za binadamu kuraruliwa na wanyama wasinihubirie. Ukishawamaliza wanaomjua mungu, kumkaribisha mungu mwenyewe hakukugharimu kitu.

Sasa twende Lydney, magharibi mwa Uingereza, kwenye kilima karibu na mto Severn. Hapo palikuwa na hekalu la Nodens, ambalo katika karne ya 4 bado lilikuwa na wageni wake. Mortimer na Tessa Wheeler walilichimbua mwaka wa 1928 na 1929. Kulikuwa na nyumba ya kulala wageni, bafu, na sanamu ndogo ndogo za mbwa. Palipatikana pia mkono wa shaba, na muhuri wa mganga wa macho. Mahali pote panaonekana kama pa wagonjwa kutafuta nafuu. Na Roma ikamlinganisha huyu Nodens na nani? Mars, ambaye kwao anajulikana kwanza kwa vita! Hata kama Mars alikuwa na kazi nyingine, huo ulinganisho umefanywa na mtu mwenye haraka.

Angalia walivyomwandika wenyewe waliokuja kumtolea nadhiri. Flavius Blandinus, mtu wa jeshi, anaanza na M, ambayo wasomi huisoma Mars, ndipo anamtaja Nodens. Sisi wenye jina la ubatizo mbele na la nyumbani nyuma kwenye kitambulisho tunaujua mpangilio huo vizuri. Lakini Pectillus anaugeuza: Nodens kwanza, kisha hiyo M peke yake, kama mtu aliyekumbuka dakika ya mwisho kwamba kuna fomu ya kujaza.

Mtu akiniambia hawa wawili walikuwa wakiabudu kitu kilekile kwa amani, nitamuuliza kwa nini basi hawakubaliani nani atangulie.

Na kuna Silvianus. Huyu bana alipoteza pete. Akachukua bamba la risasi, akaandika kwa Kilatini chenye tahajia ya kienyeji kabisa kwamba anampa mungu nusu ya thamani ya pete, na kwamba miongoni mwa watu wenye jina la Senicianus asiruhusiwe yeyote kuwa na afya mpaka pete irudishwe hekaluni. Baadaye likaongezwa neno moja la kuonyesha kwamba laana imefanywa upya, kwa hivyo inaonekana pete haikuwa imerudi. Lugha aliyotumia ni ya Roma, maandishi ni ya Roma. Jina aliloita ni Nodens. Mars hayumo popote kwenye lile bamba.