Gitaa Liuimbe Wimbo Kwanza

Kijana anayejifunza gitaa Dodoma leo, iwe kwenye kwaya ya Chang'ombe au bendi ya ukumbini, kwa kawaida huanzia kwenye kodi. Huonyeshwa C, F na G, huelekezwa mahali pa kubadilisha, na baada ya miezi michache amesimama nyuma ya waimbaji akikwaruza. Wimbo wenyewe hajawahi kuupiga. Kwaya ikinyamaza, naye akaambiwa aupige peke yake hadi mpita njia aliye nje ya dirisha autambue, anakwama.

Kosa hilo si la kijana. Ni la namna anavyofundishwa, na kwa mpiga gitaa wa Ugogoni, nchi ya Wagogo wa Dodoma, lina madhara makubwa kuliko anavyodhani mwalimu wake.

Wanamuziki hubishana tangu zamani kama gitaa heshima yake iko kwenye solo au kwenye kumsindikiza mwimbaji. Katika bendi za dansi jibu lilijengwa ndani ya mpangilio wenyewe: kuna mpiga solo, kuna mpiga ridhimu, kuna mpiga besi, na kila mmoja ana kazi yake. Mwimbaji humaliza beti zake taratibu, kisha wimbo huingia kwenye chemko na solo linachukua uwanja. Ridhimu hubaki palepale, likishikilia mapigo. Mgawanyo huo umetupa muziki mtamu sana. Lakini pia umezoesha watu kuamini kwamba kupiga solo na kusindikiza ni kazi mbili za watu wawili, na kwamba anayesindikiza hana haja ya kuujua wimbo zaidi ya kodi zake.

Ugogoni haikuwa hivyo. Ilimba, lile boksi la mbao lenye vyuma bapa vinavyochezwa kwa vidole gumba, halikumtenga mpigaji na mwimbaji. Mtu mmoja huketi nayo, huanza kupiga bila kusema neno, wimbo ukajipanga vidoleni, ndipo sauti ikaingia. Sauti ikipumzika, ilimba huendelea na maneno pale yalipoachwa. Tundu la boksi hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo, na vipo vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Kazi yake ni kuitikia vyenyewe vingine vikipigwa. Chombo kina kiitikio chake ndani.

Aliyeionyesha dunia jambo hilo ni Hukwe Zawose. Alitoka mkoa wa Dodoma, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye akawa mmoja wa walimu wakubwa wa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Albamu yake ya Chibite ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Anayesikiliza rekodi zake kwa makini hupata taabu kusema wapi ilimba inasindikiza na wapi inaongoza, maana sauti ya mzee huyo hupanda na kushuka kwenye ngazi ileile ya vyuma vyake. Anapoimba anapiga, na anapopiga bado anaimba.

Ngazi hiyo ya sauti ndiyo kiini cha hoja hii, na inastahili kuelezwa taratibu.

Kamba ikipigwa haitoi sauti moja. Hutetemeka yote kwa pamoja, na wakati huohuo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Kila sehemu ina sauti yake ndogo juu ya ile kuu. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ni ngazi ya sauti tano yenye ladha ambayo sikio la Mgogo halihitaji kufundishwa. Gitaa la dukani nalo limetengenezwa kwa hesabu nyingine. Vile vyuma vyembamba vilivyopandwa shingoni mwake vimegawa oktavu katika nusu-toni 12 zilizo sawasawa, mpango wa Ulaya ulioenea dunia nzima. Mipango hii miwili hukutana mahali pengi, ila haikutani kila mahali. Sauti ya tano ya asili iko chini kidogo ya ile ya gitaa, pengo ambalo wengi hawalisikii. Sauti ya saba iko chini kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Hilo kila mtu hulisikia, hata asiyejua kulieleza.

Sasa mweke kijana wa kodi tatu nyuma ya mama anayeimba wimbo wa Kigogo kama alivyoupokea kwa bibi yake. Mama anapofika kwenye sauti ya saba, gitaa linamvuta juu. Ama atalifuata gitaa, na wimbo ukabadilika ladha, ama atashikilia pake, na wasikilizaji waseme ametoka nje ya sauti. Mara nyingi anayelaumiwa ni mwimbaji, ilhali yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kijana huyohuyo angelazimishwa kwanza kuupiga wimbo peke yake, noti kwa noti, bila mwimbaji wa kumficha, angeugundua ugumu huo mwenyewe. Angesikia kwamba noti aliyoibonyeza si ile anayoikumbuka. Na kutoka hapo angetafuta njia, kwa kuwa njia zipo. Kamba ya gitaa la kawaida ina urefu wa takriban sentimita 65 kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja. Ukiigusa kwa ncha ya kidole, bila kuibonyeza, kama sentimita 9 kutoka juu, kati ya chuma cha pili na cha tatu lakini karibu zaidi na cha tatu, kisha ukaipiga, inatoa sauti ya saba ileile anayoimba mama yule. Imo ndani ya gitaa tangu lilipotoka kiwandani. Njia ya pili ni kubonyeza chuma chenye sauti iliyo chini ya hiyo na kuisukuma kamba pembeni mpaka sauti ipande pale inapotakiwa. Ya tatu ni kulegeza kamba moja kabla ya wimbo kuanza. Hakuna hata moja kati ya hizo inayopatikana kwenye C, F na G.

Wanaodhani gitaa peke yake haliwezi kubeba wimbo mzima wamsikilize Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana huyo wa Katanga mjini Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Bosco aliimba kwa Kiswahili na alipiga kwa vidole viwili tu, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitembea na wimbo juu yake. Kipande chake cha Masanga kilivuka mipaka kiasi kwamba David Rycroft, mwanazuoni wa muziki wa Kiafrika, alikiandika kwa noti na kukichambua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwingereza John Low naye alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza kwake. Hakuna aliyefunga safari ile kwa ajili ya kodi. Walitaka kujua vipi mtu mmoja mwenye gitaa kavu anatoa sauti ya watu watatu na bado anaimba juu yake.

Kwetu yupo Mbaraka Mwinshehe. Wengi humkumbuka kwa sauti, na wana haki, lakini ndani ya Morogoro Jazz, na tangu 1973 ndani ya Super Volcano, yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji na ndiye aliyekuwa solo. Msikilizaji anayerudia nyimbo zake husikia gitaa likimjibu mwimbaji kwa namna ambayo watu wawili wangehitaji miaka kuifikia: sentensi inaanzwa kwa mdomo na kumaliziwa kwa kamba. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Hadi leo vijana hunakili solo zake huku wakiacha maneno yaliyozizaa, na ndiyo maana nakala nyingi hazina uhai.

Uwanda wa kati haukuwa mgeni wa gitaa. Reli iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na njia hiyohiyo baadaye ilipitisha wanamuziki na santuri kati ya Ziwa Tanganyika na pwani. Tabora ilipata Tabora Jazz ya Shem Karenga, bendi ya wimbo wa Dada Asha, na ilipata Nyanyembe Jazz. Mkoani humohumo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyoanzishwa Ulyankulu mwaka 1972, ilizaliwa kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kaseti zake zilichezwa kwenye mabasi na jikoni kote Afrika Mashariki.

Kwaya ya Ulyankulu ni jibu zuri kwa walimu wa kwaya wanaolipinga gitaa la kujitokeza. Hoja yao ina uzito. Injili ni neno, na gitaa lisilojua adabu hulifunika neno. Nani hajakaa ibadani akashindwa kusikia ubeti kwa sababu mpiga solo ameamua kuonyesha alichojifunza wiki iliyopita? Lakini katika kaseti zile za Ulyankulu gitaa hutangulia, wimbo unajulikana kabla ya mtu kufungua mdomo, kisha linashuka na kuwaachia waimbaji nafasi. Linajua kunyamaza kwa sababu linajua maneno yako wapi. Mpigaji anayefunika neno si yule aliyezidisha kuujua wimbo. Ni yule asiyeujua, anayejaza kila pengo kwa mazoezi ya vidole kwa kuwa hana kingine cha kusema.

Hata mgeni aliweza kujifunza hilo. Mwaka 2002 Zawose alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Mtu anaweza kulalamika kwamba mitambo imezidi mahali fulani, na malalamiko hayo si ya bure. Lakini sehemu zinazopendeza zaidi ni zile ambazo gitaa limekaa pembeni ya ilimba kama ilimba nyingine, likivuma na kuitikia, bila kumpangia mzee kodi za kufuata. Mtoto wa Hukwe, Msafiri Zawose, ameendelea kuchanganya vyombo hivyo na sauti mpya katika Uhamiaji ya mwaka 2017, na Pendo na Leah, mtoto na mjukuu wa Hukwe, wametoa Maisha mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens. Familia moja imefanya kazi ambayo ingefaa ifanywe na mkoa mzima.

Kinachotakiwa si gharama. Mwalimu wa kwaya anaweza kuanza mwezi huu: kijana asiruhusiwe kusindikiza wimbo mpaka aupige wote peke yake, waimbaji wakiwa wameketi na kusikiliza. Wakiutambua kwenye mstari wa kwanza, amefaulu. Wasipoutambua, arudi nyumbani na gitaa lake. Wazee wanaopiga ilimba na zeze bado wapo vijijini, na ni afadhali kijana akae nao alasiri moja kuliko kutazama video 20 za kodi. Wenye studio za Dodoma nao, ambao huanza na mdundo wa kompyuta kisha wakambandika mwimbaji juu yake, wajaribu siku moja kurekodi sauti na gitaa kwa pamoja, mtu mmoja, kipaza sauti kimoja.

Na lipo jukwaa tayari. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, ambalo Kedmon Mapana, msomi wa muziki huo na Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), amelipigania kwa muda mrefu. Vikundi vya vijiji huja na muheme wao, wanawake wakiwa na ngoma mapajani, na wapiga zeze wakiwa wamejipanga. Iongezwe nafasi moja ya dakika tano: mtu mmoja, gitaa moja, wimbo wa Kigogo, bila mwimbaji. Kina mama wa muheme wakiusikia wimbo wao ukitoka kwenye kamba, na sauti ya saba ikiwa mahali pake, hawatasubiri kuombwa waimbe.