Miezi Sita si Amri ya Mbwa Wote

Mwandishi wa makala ya juma lililopita ametuagiza tuhasi kila mbwa dume akifika miezi sita. Hapana. Homoni za korodani huchangia kuiambia mifupa mirefu iache kukua; ukiziondoa mapema, miguu huendelea kurefuka na viungo huumia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipekua kumbukumbu za matibabu ya German Shepherd na kutoa matokeo mwaka 2016: madume waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka, asilimia 21 walipata maradhi ya viungo; wasiohasiwa, asilimia 7. Na huyo ndiye tunayemfuga kwa ulinzi Nairobi na Dar es Salaam!

Koko mdogo wa kilo kumi ni habari nyingine. Dume ambaye korodani yake moja imebaki tumboni naye ahasiwe tu, maana hiyo iliyojificha ni rahisi zaidi kupata saratani. Lakini mbwa mkubwa aliye ndani ya ua uliofungwa, asiyezurura kuwafuata majike wa jirani, mwacheni akomae kwanza. Daktari wa mifugo anayeshika kisu kabla ya kuuliza mbwa ni wa mbegu gani na atafikia uzito gani, mchukue mbwa wako uondoke.