NANI ALIYEWAPA UBAWABU WA SKULI?



Wako mabwana katika baraza zetu ambao kila likitajwa jambo la watoto wa kike waliofukuzwa skuli kwa ajili ya uja uzito, hukunja nyuso wakasema: "Hayo ni mambo ya Bara, ya Wamakonde na unyago wao. Sisi yatuhusu nini?" Leo twawajibu, na jawabu letu twalianzia huko huko wanakokudharau, Masasi na Newala.

Kwanza, Masasi si ngeni kwetu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, kwa nia ya kuwarejesha upande wa Nyasa walikotekwa wengi wao. Safari ikakomea Masasi. Wakajenga hapo, na kutokana na kijiji chao misheni ikaenea na skuli zikafuata. Basi elimu ya nchi ile ilianza na watu waliopitia katika mji wetu wakiwa bidhaa. Mwenye kusema "hayatuhusu" na ajiulize ni njia gani iliyowafikisha pale.

Pili, wanasingizia mila. Na tuitazame hiyo mila kwa insafu. Wamakonde wa Newala, na Wamakua na Wayao wa Masasi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto aliyezaliwa na binti ni wa ukoo wa binti. Ana wajomba, ana bibi, ana pahala pa kulala. Hakuna mila iliyosema kwamba mama yake atupwe. Hata Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakuivunja jando ya wenyeji; aliipa nafasi ndani ya kanisa lake. Ikiwa kanisa la wageni liliweza kuipa nafasi jando, yawaje skuli ya wananchi ishindwe kumpa nafasi binti wa wananchi?

Hapana, ndugu zangu. Aliyemfukuza binti si mzee wa unyago. Ni kanuni iliyoandikwa ofisini. Kanuni za mwaka 2002 za kuwafukuza wanafunzi zilimpa mkuu wa skuli uwezo wa kumwondoa mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na uja uzito ukahesabiwa kuwa ndilo kosa lenyewe. Wasichana wakapimwa matumbo kama watuhumiwa. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba katika serikali yake hapana mzazi atakayerudi skuli. Neno hilo likashuka mpaka kijiji cha mwisho cha uwanda wa Makonde.

Nani aliyelibeba? Mtoto wa tajiri alihamishiwa skuli ya kulipia, aibu ikafunikwa. Aliyebaki nje ni binti wa mkulima wa korosho, katika uwanda ambao juu yake hapana mito, na ambao wanawake wake kwa vizazi waliteremka mabondeni kutafuta maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Akenda skuli kwa mwendo mrefu. Akikutwa njiani na mtu mzima mwenye fedha, aliyeadhibiwa ni yeye. Watatuambia kwamba sheria ya mwaka 2016 ilimwekea mwanamume kifungo cha miaka 30. Vyema! Lakini kumfunga mwanamume hakumrudishii binti kitabu chake.

Novemba 2021 serikali ikageuka. Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kuwa waliokatizwa masomo, hata kwa uja uzito, waruhusiwe kurudi, na waraka ukatolewa. Mwaka 2022 Kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto ikaamua kwamba kupima kwa lazima na kufukuza kulivunja haki za watoto wa Tanzania. Kwa hiyo ile iliyoitwa maadili kwa miaka yote hiyo ilikuwa dhulma. Nani aliyewaomba radhi waliopoteza miaka yao?

Wala sisi wa Visiwani tusijipige kifua. Ni kweli kwamba tangu 2010 skuli zetu zawaruhusu wasichana hawa kurudi. Lakini hapa petu sheria ya mwaka 1985 ilimtia gerezani hadi miaka miwili mwanamke asiye na mume akishika mimba, na haikuondolewa mpaka 2005. Tulikuwa na kufuli kubwa kuliko yao. Na kufuli lile hata likiondolewa mlangoni, huweza kubaki moyoni: kwa mwalimu anayemwita msichana "mama fulani" mbele ya wenziwe, kwa jirani anayemkataza mwanawe kukaa naye dawati moja.

Wanasema: "Mkimrudisha, mtawafundisha wengine uovu." Tangu 2010 hadi leo, ni skuli gani ya Unguja au Pemba iliyoporomoka kwa kuwa msichana aliyezaa amekaa ndani yake akisoma hesabu? Watutajie. Kinachofundishwa na binti aliyerudi ni kwamba kuanguka si kufa. Na kinachofundishwa na binti aliyefukuzwa ni kuficha, kukimbilia kwa waganga wa vichochoroni, na kufa kimya.

Basi twanena bila ya kificho. Waraka ni neno la ofisi. Lililotolewa na kalamu moja huweza kufutwa na kalamu nyingine. Twataka haki hii isimame katika sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa watu, Bara na Visiwani. Na kwa wanachama wetu twasema: kila tawi na liwajue wasichana wa mtaa wake waliokaa nyumbani, liende kwa wazee wao kwa taadhima, likae nao mpaka mtoto avae sare tena. Asiyeweza kufanya hili katika mtaa wake asije mkutanoni kutuhutubia juu ya haki.

Skuli imejengwa kwa kodi ya wote. Hapana mmoja wetu aliyepewa ubawabu wake.