Uvimbe wa Jino Usisubiriwe Ushuke

Mgonjwa anayefika kwenye zahanati au duka la dawa akiwa amevimba shavu kwa sababu ya jino, mara nyingi hupewa jibu moja: ameze dawa kwanza, uvimbe ukishuka ndipo arudi kung'olewa. Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba wagonjwa wenyewe hulitaja kabla ya kuambiwa, na jirani humpa jirani kana kwamba ni kanuni ya tiba. Hata hivyo, kwa majipu mengi ya jino jibu hilo si sahihi. Humwacha mgonjwa na chanzo cha ugonjwa kinywani, humtuliza kwa siku chache, kisha humfanya aamini kuwa amepona. Ni jibu linalostahili kuachwa, na wa kwanza kuliacha wawe wahudumu wa afya wenyewe.

Ili kosa lionekane lilipo, ni vyema kufahamu jinsi jipu la jino linavyotokea. Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, nacho kimezungukwa na kuta ngumu. Bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno hutumia sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hulimong'onyoa jino kidogo kidogo, na tundu linapokifikia kiini, kiini huvimba. Kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta zisizotanuka, shinikizo huongezeka, na hapo ndipo huzuka yale maumivu yanayopwita usiku kucha na kumnyima mtu usingizi.

Baada ya muda kiini hufa. Maumivu hukoma, pengine kwa ghafla, na mgonjwa hushukuru. Kumbe bakteria wamepata makazi ndani ya jino lisilopitiwa tena na damu. Kutoka humo hupenya kwenye ncha ya mzizi, huingia katika mfupa wa taya na kusababisha usaha kukusanyika. Huenda zikapita wiki, miezi au hata miaka kabla ya shavu kuvimba. Kwa hiyo jino lililouma sana kisha likanyamaza bila kutibiwa halijapona. Ukimya wake ni sababu ya kwenda kuonana na tabibu wa meno, wala si sababu ya kuahirisha safari hiyo.

Udhaifu wa tiba ya vidonge peke yake unaanzia hapo. Antibiotiki husafirishwa na damu. Ndani ya jino lililokufa hamna damu inayopita, na katikati ya usaha dawa hufika kwa kiasi kidogo mno. Vidonge vinaweza kuwapunguza bakteria waliosambaa katika nyama za pembeni, homa ikashuka na uvimbe ukanywea, lakini jino lenyewe hubaki na vimelea vyake. Dozi inapokwisha, huzaliana upya. Mgonjwa hurudi dukani, hununua dawa ileile au yenye nguvu zaidi, na kila mzunguko huwapa bakteria nafasi nyingine ya kujenga usugu. Hasara hiyo haimhusu yeye peke yake, kwa maana vimelea sugu huambukiza watu wengine.

Tiba ya jipu ina nguzo mbili: usaha utolewe na chanzo kiondolewe. Tabibu anaweza kupasua uvimbe ili usaha utoke, kufungua jino na kusafisha njia za mzizi kisha kuziba, au kuling'oa iwapo haliokoleki. Antibiotiki ina nafasi yake pale maambukizi yanapoanza kusambaa au mwili unapokuwa na kinga dhaifu. Mwongozo uliotolewa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 2019 unaeleza hivyo: kwa mtu mzima mwenye kinga ya kawaida, ambaye jipu lake halijasambaa na tiba ya meno inapatikana mara moja, antibiotiki haipendekezwi, apewe tiba ya jino lenyewe.

Wanaotetea kusubiri wana hoja zao, nazo zinastahili kujibiwa kwa haki. Hoja ya kwanza ni ganzi. Ni kweli kwamba nyama zenye usaha huwa na asidi, na ganzi inayochomwa hapo hushika kwa shida. Lakini mtaalamu anaweza kuchoma ganzi mbali na uvimbe, kwenye neva inayolihudumia eneo zima. Hoja ya pili ni hofu kwamba kung'oa jino lililovimba husambaza ugonjwa. Hofu hiyo ilirithishwa tangu enzi ambazo antibiotiki hazikuwepo, na imebaki ijapokuwa uzoefu wa tiba umeonyesha kinyume chake: chanzo kinapoondolewa mapema, mgonjwa hupata nafuu mapema. Wapo wachache ambao kweli hawawezi kutibiwa papo hapo, kama vile asiyeweza kufungua kinywa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kwenye taya. Hao wanahitaji hospitali yenye uwezo mkubwa zaidi. Kwao pia, kubaki nyumbani na pakiti ya vidonge si jibu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mahali pengi hakuna mtaalamu wa meno. Muuguzi au tabibu wa zahanati hutoa vidonge kwa sababu ndivyo alivyo navyo. Hapo hastahili lawama. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kumpa mgonjwa vidonge vya kumvusha hadi afike kwenye tiba, na kumpa vidonge kana kwamba ndivyo tiba. Mgonjwa wa kwanza huondoka na barua ya rufaa, akijua aendako na siku ya kwenda. Wa pili huondoka na matumaini tu, na uvimbe ukishuka hana tena sababu ya kutumia nauli.

Gharama ya kusubiri hutegemea njia ambayo usaha utafuata. Mara nyingi hupenya kwenye fizi, ukatokeza kama kipele kinachopasuka na kuacha ladha mbaya kinywani. Mgonjwa hupata nafuu na kudhani mambo yamekwisha, ilhali chanzo bado kipo. Lakini mizizi ya magego ya nyuma ya chini hufika mahali ambapo usaha unaweza kuteremkia chini ya taya na chini ya ulimi. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa ambao sakafu ya kinywa na sehemu ya juu ya shingo hukakamaa kwa uvimbe, ulimi ukasukumwa juu na nyuma hadi kuziba njia ya hewa. Ugonjwa huo hadi leo hubeba jina lake, na chanzo chake kikuu ni meno ya chini. Kabla ya antibiotiki uliua zaidi ya nusu ya waliougua. Siku hizi wengi huokolewa, ila kwa sharti la kufika hospitali kabla pumzi haijakatika.

Kwa sababu hiyo, ukali wa maumivu ni kipimo duni cha hatari. Kuna dalili ambazo kila familia inapaswa kuzifahamu, na yoyote kati yake ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda hadi jicho kuanza kufumba, kinywa kushindwa kufunguka kwa upana wa vidole viwili, kumeza kwa shida au mate kudondoka, ulimi kunyanyuka, sauti kubadilika, na kupumua kwa taabu. Homa kali yenye kutetemeka, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa huashiria kwamba maambukizi yameingia katika mwili mzima. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe kwenye hospitali yenye huduma ya dharura, wala asizungushwe kwenye maduka ya dawa. Asiyekuwa na dalili hizo, ila ana uvimbe au usaha, anapaswa kutibiwa siku hiyo au kesho yake.

Baadhi ya watu wana muda mfupi zaidi wa kungoja. Mwenye kisukari hupambana na maambukizi kwa shida, na maambukizi nayo hupandisha sukari yake. Anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kinga ya kutosha, anayetibiwa saratani, na mtoto mdogo, nao huzidiwa haraka. Mjamzito aghalabu huambiwa asubiri hadi ajifungue. Ushauri huo ni wa hatari, kwa kuwa jipu lina madhara kwake na kwa mimba, ilhali ganzi ya kawaida na kung'oa jino vinaweza kufanywa kwa usalama wakati wa ujauzito. Linalotakiwa ni aseme mapema kuwa ni mjamzito, ili achaguliwe dawa zinazomfaa.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba vifo vya namna hii ni vya nchi maskini pekee. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mtoto wa kiume wa miaka 12 alifariki baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara mbili na kulazwa kwa wiki kadhaa. Vyombo vya habari vya huko viliandika kwamba kung'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80, wakati matibabu yake ya hospitali yalizidi dola 200,000. Hospitali za kisasa zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kumfikisha mtoto wa familia maskini kwa daktari wa meno kwa wakati. Baada ya kifo hicho jimbo lilipanua huduma ya meno kwa watoto wa familia za namna hiyo. Funzo lake linahusu Tanzania vilevile: anayemfikisha mgonjwa kwenye kiti cha meno mapema huokoa maisha, tena kwa gharama ndogo kuliko anayemngoja wodini.

Nyumbani, wakati safari inaandaliwa, yapo mambo machache yenye msaada. Parasetamoli kwa dozi iliyoandikwa hupunguza maumivu na homa. Ibuprofeni pia hufaa kwa wengi, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mjamzito ambaye hajapata ushauri. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi husafisha kinywa, na kunywa maji ya kutosha huusaidia mwili. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kwa muda, na hata madaktari wa meno hutumia kiambato chake katika baadhi ya vizibio. Lakini hayatoi usaha. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye fizi huunguza, na kutumbua jipu kwa sindano au wembe huingiza vimelea vipya. Mabaki ya dozi ya mtu mwingine hayana budi kuachwa yalipo.

Yanayotakiwa kwa upande wa huduma hayahitaji mitambo. Kila mhudumu wa zahanati anaweza kumuuliza mwenye uvimbe kama anameza, anapumua vizuri na anafungua kinywa, kisha akapima joto na mapigo ya moyo. Dakika chache zinatosha kumtenga anayepaswa kuondoka kwa gari la wagonjwa na anayeweza kupanda basi kesho. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yako karibu na wananchi kuliko kliniki za meno. Watoa dawa wake wakizifahamu dalili za hatari na mahali pa karibu panapong'olewa meno, watakuwa mlango wa tiba badala ya kuwa mwisho wa safari.

Tanzania haikosi mfano wa kujivunia katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliasisi njia ya kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine: sehemu iliyooza hukwanguliwa, na tundu huzibwa kwa dawa inayoshikamana na jino. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi duniani. Inathibitisha kwamba huduma nzuri ya meno inaweza kumfikia mtu wa kijijini, na kwamba tundu likizibwa lingali dogo, jipu halipati pa kuanzia.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwenye jipu la jino hafichi kitu. Shavu lake laonekana na kila mtu. Amekuja kuomba msaada, akiwa amekwisha kupoteza usingizi na pengine siku za kazi. Anachostahili kuambiwa ni kwamba dawa hizi zitampunguzia tu, kwamba jino lenyewe litibiwe leo au kesho hata maumivu yakikoma, na kwamba barua ya kumpeleka huko ni hii hapa.