MLIMA UNA WENYEWE

Ndugu zetu wa migodini na wa mjini,

Nchi yetu ina mlima mkubwa katika Ruwenzori, upande wa Beni, mpakani na Uganda. Kilele chake kina meta 5,109. Katika Afrika nzima unapitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Na unaitwaje? Ramani zasema Stanley. Kilele chake je? Margherita, malkia mjane wa Italia! Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa wafalme wa Italia, alikipanda mwaka 1906 akamzawadia malkia wake mali isiyo yake. Kilele cha pili akampa Alexandra, malkia wa Waingereza.

Huyo Stanley sisi watu wa Kasongo tunamjua. Mwaka 1876 alifika kwetu Nyangwe, akafuata Lualaba pamoja na Tippu Tip. Aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na serikali ya wakoloni ikarithi jina hilo. Mvunja mawe! Ninyi mnaochimba dhahabu Namoya mnajua ni mikono ya nani inayovunja mawe. Hata mlima ule hakuugundua yeye. Aliandika mwenyewe kwamba mwaka 1888 kijana mmoja ndiye aliyemwonyesha, na watu wakisema kileleni kuna chumvi. Kijana hakupewa hata kilima.

Mwaka 1966 Stanleyville iligeuka Kisangani, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini baadaye Mobutu aliuita mlima Ngaliema, jina la chifu wa Kintambo, kule Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500 kutoka kwenye theluji. Hapo hatukubali. Ni kumtoa mgeni na kumkalisha mgeni. Walio chini ya mlima ni Wanande na Wakonjo. Wao husema Rwenzururu, mahali pa theluji, na huko juu ni makao ya Kitasamba. Jina hilo ndilo watoto wetu walisome shuleni.

Wengine watatuambia jina halileti unga. Kweli. Lakini anayetaja mahali leo, kesho ndiye anayetia sahihi karatasi ya mahali hapo.

Nasi tusiwacheke watu wa Beni. Kabambare, katika karatasi za dhahabu ya Namoya, Mwendamboko na Kakula yameandikwa kwa majina ya kwetu, lakini kilele kimeandikwa Namoya Summit, kwa Kiingereza. Wazee wa Namoya waulizwe kilima kile waliachiwa kwa jina gani.